Msumeno wa Melkiadi na Mkaratusi wa Mama

Melkiadi wa Kibondo hakuwahi kununua kitu kidogo maishani mwake. Redio yake ilikula betri sita na kuwaamsha majirani wa pande zote. Koti lake la Jumapili lilimfika magotini, na akikaa nalo kanisani alichukua nafasi ya watu wawili. Biblia yake ilikuwa ile ya maandishi makubwa ya kusomea mimbarini, ingawa macho yake yalikuwa mazima, na alipokwenda nayo kwenye jumuiya, ambako yeye ndiye mwenyekiti, aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kreti la soda.

Dada yake Esteri aliyavumilia hayo yote. La jeneza hakuweza kulimeza.

Mama yao alifariki mwezi wa tatu, mwaka 2013. Maradhi yalikuwa yamemkausha hata Esteri akawa anamgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Siku ya msiba, Nsengimana, seremala wa jirani, alikuja na kamba yake, akampima marehemu taratibu, akafunga fundo kwenye kipimo, akasema jeneza litakuwa tayari jioni na kwamba hataki kusikia habari ya malipo. Melkiadi aliitazama ile kamba akasema, "Ongeza. Kuna wageni wanatoka Kasulu. Mama yangu hazikwi kwenye sanduku la shule."

Nsengimana akaongeza. Jeneza likawa kubwa hata kaburi likakataa kulipokea, vijana wakaingia tena kupanua huku wengine wamelishikilia begani. Lakini hilo lilikuwa la watu wote. La Esteri peke yake lilikuwa lile la njiani. Waliposhuka kamteremko ka kuelekea kaburini, yeye akitembea ubavuni, alimsikia mama yake akiteleza mle ndani, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu tu, kila jioni kwenye rozari, na Mungu naye alikaa kimya kama anayesubiri kusikia mengine.

Yakaja mengine. Mvua za Aprili zililegeza udongo, na mkaratusi ambao mama aliupanda mwaka aliozaliwa Esteri ukaanza kuinamia nyumba. Ilikuwa nyumba ya mama, yenye bati ambalo mama alilinunua kipande kwa kipande kwa maharage yake, na sasa Esteri ndiye aliyekuwa akilala humo. Kufika Julai, ufa wa mizizi upande wa shambani ulikuwa unaingia mkono hadi kiwiko. Kila upepo ulipovuma, Esteri aliusikia mti ukilia kwa chini, naye alikuwa amelala katika chumba kilekile ambamo mama alikata roho.

"Ukianguka humu," alimwambia kaka yake, "mama atakuwa amekufa mara ya pili. Na siku ya kumaliza matanga ni Jumamosi ijayo. Watu watakaa wapi?"

Nsengimana alikuja kuuzunguka mti mara tatu bila kuongea, akasema unashushwa vizuri tu: kwanza apande apunguze matawi ya upande wa nyumba, kisha kamba ifungwe juu kabisa, uvutwe pembeni ulalie migomba. Siku mbili.

"Siku mbili," Melkiadi alisema seremala alipoondoka. "Kwa kamba. Mkimbizi anataka kunifundisha miti."

Nsengimana alizaliwa hapahapa na alikuwa raia kama Melkiadi mwenyewe. Baba yake ndiye aliyekuja akikimbia kutoka Burundi. Lakini kwa Melkiadi ukimbizi ulikuwa kama kimo, mtu anaurithi kwa wazazi na hakuna la kufanya.

Basi akauza mbuzi wa mama, akapanda basi kwenda Kasulu kununua msumeno wa mashine. Esteri alikwenda naye kwa sababu ya mchele wa matanga, na kwa sababu hakumwamini.

Duka lilikuwa la Mwanaheri, mama wa makamo mwenye Kiswahili cha pwani, aliyekuwa akiuza pampu, mashine za kusaga na misumeno. Hakuwa mtu wa kumpa mteja asichohitaji, na hilo ndilo lililomharibia siku Melkiadi.

"Mti wenyewe ni mnene kiasi gani, kaka yangu?"

"Mkubwa."

"Mkubwa nimesikia. Ukiukumbatia, mikono inakutana?"

Melkiadi hakuwahi kukumbatia mti. Esteri akajibu, "Inakutana, na vidole vinapishana."

"Basi huu hapa mdogo unatosha na kusaza." Mwanaheri aliushusha msumeno mwepesi, wenye upanga mfupi, ule ubapa wa chuma ambao mnyororo huzunguka juu yake. "Huu ni wa kazi za nyumbani. Tawi, kuni, mti kama wenu. Hata dada hapa anaushika."

Melkiadi aliutazama kama mtu aliyealikwa arusini akapewa kijiko cha mtoto. "Na ule wa juu?"

"Ule ni wa watu wa magogo, wanaoshinda nao msituni. Una upanga mrefu na nguvu nyingi. Asiyeuzoea ukimrukia hausemi samahani."

"Ushushe."

Mwanaheri aliushusha, akamweleza. Akaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama mwalimu ambaye hataki mwanafunzi arudi na lawama. Petroli inachanganywa na oili yake, si kama pikipiki, na kwa mara hii atamchanganyia yeye. Mnyororo una tangi lake la oili, na chupa ya oili hiyo ni hii hapa. Kofia ngumu na miwani ni hizi. Tena mti ulioinama huanzi kuukata chini ya mwinamo, kwa sababu uzito wote unashukia pale na utaubana upanga usitoke.

Wakati huo Melkiadi alikuwa amesimama mlangoni na msumeno kifuani, akipigwa picha ya simu na mpita njia.

"Kofia ninayo," alisema, akigusa pama lake. "Na chupa hiyo iache. Sisi si watu wa kukosa mafuta."

Mwanaheri alimgeukia Esteri. "Dada, wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Afadhali mmoja."

Kurudi Kibondo Melkiadi aliupakata ule msumeno safari nzima, akawaruhusu abiria kuugusa mmoja mmoja. Alhamisi akampelekea Tharsisi, katekista, aubariki. Tharsisi alipekua kitabu chake cha sala kwa muda mrefu, hakukuta sala ya misumeno, akasoma ya vyombo vya usafiri na kunyunyiza maji ya baraka. Aliomba chombo kile kifike salama kiendako. Esteri aliitikia Amina kwa moyo wake wote.

Kukata kulipangwa Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya matanga, maana ndiyo siku ambayo majirani wote wangekuwapo uani wakimenya ndizi na kupanga mitungi ya pombe. Melkiadi hakuwa mtu wa kukata mti bila watu. Alitoka na koti lake, pama kichwani, akauweka msumeno juu ya meza ya wageni.

"Kaka, oili ya mnyororo," Esteri alisema.

"Esteri, mafuta ni mafuta. Mkoa mzima huu tunakula mawese tangu babu zetu. Msumeno ndio utakataa?"

Akaleta kopo la mawese kutoka jikoni. Asubuhi za Julai za milima hiyo zina baridi, na mawese yalikuwa yameganda kama sabuni. Akayapeleka motoni, yakayeyuka, akayamimina tangini yakiwa mekundu na mazuri, akafuta mikono kwa heshima. Kisha akatoa hotuba fupi juu ya maendeleo. Hotuba ilipokwisha, mawese nayo yalikuwa yamegandia palepale yalipowekwa.

Mashine iliwaka kwa mvuto wa saba. Ilinguruma hata kuku wakaingia ndani ya nyumba. Melkiadi akasimama upande wa nyumba, chini ya mwinamo kabisa, kwa sababu upande huo ndio uliotazamana na watu, akaingiza upanga kwenye mti.

Kwa muda kidogo ilikwenda. Halafu mnyororo mkavu ukaanza kutoa moshi, na kile kidogo cha mawese kilichofanikiwa kuufikia kikaungua. Harufu ikatanda ua mzima, harufu ya kikaango kilichosahaulika. Mbwa wawili wa jirani yao Pasikali wakaja wakakaa mbele ya mti, wakalamba midomo.

"Mwenyekiti," Pasikali aliuliza, kisu na ndizi mkononi, "unakata au unakaanga?"

"Kama ni migebuka ya ziwani, mimi wangu usiukaushe sana," akasema mwanamke mmoja kutoka kwenye mitungi.

Melkiadi akakaza. Mti ukashuka kidogo, kidogo tu, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti, ukauuma upanga hadi katikati. Mashine ikazimika. Akavuta, akatikisa, akaweka mguu kwenye shina akavuta tena. Juu, mti ukalia, na safari hii haukulia kwa chini. Vicheko vikakatika. Kila mtu alitazama juu, kisha akatazama bati la mama.

Melkiadi alirudi nyuma hatua nne, kisha nyingine nne, akavua pama.

"Tumwachie Mungu," alisema.

"Mungu alishajibu wiki iliyopita," Esteri alisema. "Alikuja na kamba yake, ukamwita mkimbizi."

Hakupaza sauti, ila ua mzima ulimsikia. Akafunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Nsengimana alikuwa kwenye karakana yake akipiga randa. Aliitikia salamu, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Mwenyekiti amesemaje?"

"Hajasema. Nasema mimi. Ni nyumba ya mama."

Seremala alipuliza vumbi la mbao kwenye randa, akaiweka chini. "Nitakuja. Lakini kamba inataka mtu mzito wa kuivuta, dada Esteri. Na mtu mzito ninayemjua kijijini ni mmoja."

Ndivyo watu wa Kibondo walivyobahatika kumwona Melkiadi, mwenyekiti wa jumuiya, akiwa amesimama nyuma ya migomba, mbali na pale mti utakapolala, amevua koti, amejizungushia kamba kiunoni, akisubiri amri.

"Vuta nikisema vuta," Nsengimana alimwambia kutoka juu ya mti. "Nikinyamaza, nawe nyamaza."

Alipunguza matawi ya upande wa nyumba kwa msumeno wa mkono, moja moja, akiyateremsha kwa kamba bila kugusa bati. Aliposhuka aligongea kabari mbili za mti mgumu kwenye ule mkato, ukafunguka, upanga ukatoka kama jino bovu. Watu walidhani atautupa msumeno pembeni. Badala yake alifungua tangi, akayamwaga mawese mbele ya mbwa, akasafisha kwa petroli, akamtuma Pasikali alete oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki yake. Akaupiga tupa mnyororo, jino baada ya jino, bila haraka.

"Umejifunzia wapi huo?" Esteri aliuliza.

"Miaka minne, kwenye mashamba ya miti. Hakuna aliyeniuliza." Akaupima uzito mkononi. "Mashine nzuri. Ni kubwa bure tu."

Akakata mdomo mdogo upande wa migomba, pengo la kuuelekeza mti, akahamia upande wa pili wa shina, akakata taratibu, akanyanyua mkono.

"Vuta."

Melkiadi alivuta. Tuseme ukweli wa Mungu, alivuta vizuri. Alivuta kwa hasira ya mtu anayechekwa, na hasira hiyo ilikuwa ndiyo kitu kikubwa pekee alichokuwa nacho ambacho kilifaa siku hiyo. Mti ukageuka polepole, ukaiacha nyumba, ukalala juu ya migomba mitatu. Bati halikukwaruzwa. Esteri alijikuta amekaa chini, mikono mapajani, na midomo yake ilikuwa ikisema Salamu Maria bila yeye kuianza.

Kesho yake kwenye matanga Melkiadi alisimama kushukuru wageni. Alisema, "Tulipouangusha ule mti," akatulia kidogo ili wageni wa Kasulu waushangae ukubwa wake. Pasikali akakohoa. Melkiadi akaendelea, na sauti ilishuka kidogo, "mimi na ndugu yangu Nsengimana." Neno ndugu lilimtoka kwa taabu, kama mfupa, lakini lilitoka.

Msumeno aliutundika sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na hakuuwasha tena. Nsengimana akitaka kuutumia anaazima, na Melkiadi humwambia kila mara auangalie sana.

Magogo yalipasuliwa, mbao zikakaa kivulini hadi Novemba. Karibu na siku ya Marehemu Wote, Esteri alimwomba Nsengimana achonge msalaba wa kaburi kwa mkaratusi uleule, maana kaburini palikuwa bado na kijiti cha siku ya mazishi. Seremala alikuja na kamba. Ilikuwa kamba ileile, na fundo la mwezi wa tatu lilikuwa bado lipo, la kwanza, kabla ya kuongeza. Aliilaza juu ya kaburi. Esteri aliliona lile fundo akalitambua, akainama akalishika kwa vidole viwili.

"Kwa kipimo chake," alisema.

Melkiadi alikuwa amesimama pembeni na koti lake. Akafungua mdomo. Esteri akainua macho akamtazama, na kwa mara ya kwanza akamwambia jinsi alivyomsikia mama akiteleza njiani. Alimwambia kwa maneno machache, bila kulia, akiwa bado ameshika fundo.

Melkiadi alilitazama lile fundo, kisha kaburi. Akavua pama.

"Inatosha hiyo," alisema. Kisha, Nsengimana alipokuwa akikunja kamba, akaongeza kwa sauti ndogo, "Ila herufi za jina ziwe kubwa."

Hizo Esteri hakumnyima.