Nilipanda Mgeta kutafuta pa kulala, nikageuka shahidi wa wosia

Wakuu, salamu kwenu mlioko makazini na mlioko vijiweni. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa. Chumvi sijaongeza, iliyokuwepo ilitosha.

Niliamka Kihonda asubuhi moja sina mpango. Kibarua cha kufyatua tofali kilikuwa kimeisha na vitu vyangu vyote viko kwenye begi moja.

Barabarani nikakuta fuso tupu linapanda milimani Mgeta kupakia karoti. Nikaomba lifti. Dereva akaniuliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa yeyote atakayenipokea. Akacheka, akafungua mlango.

Kule juu mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka unajiuliza wanapaliliaje bila kuporomoka. Na baridi yake, fulana yangu ilinitia aibu.

Gesti ilikuwa imejaa wanunuzi wa mboga kutoka Dar. Mama wa pale akanielekeza nipande kijia hadi kwa Mzee Silvesta, ndugu zake huwa wanapangisha vyumba vya uani.

Nikafika nikakuta watu wamejaa uani, na bibi mmoja anamsema mzee aliyekaa katikati.

"Silvesta, kufa kwenyewe huwezi, wosia utauwezea wapi?"

Nikajua nimeingia ugomvini. Kumbe huyo ni Bibi Theresia, mtani wao, katoka ukoo mwingine kaolewa na mdogo wake mzee. Alikuwa kazini tu. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka mpaka kofia inamdondoka.

Nikatoa shikamoo, nikasema shida yangu. Mzee akaniangalia kuanzia viatu mpaka usoni.

"Una ndugu yeyote hapa?"

Nikamwambia hata mbuzi wa hapa hanijui. Watu wakapiga makofi. Sikuelewa kwa nini nashangiliwa kwa kukosa ndugu.

Ilikuwa hivi. Mzee alikuwa anaandikisha wosia siku hiyo, na msaidizi wa sheria alishawaambia kwamba mashahidi wa wosia wasiwe warithi, na wasiwe ndugu watupu. Sasa pale mlimani kila jirani ama ni wa ukoo, ama kaoa kwenye ukoo. Shahidi mmoja wa ukoo walikuwa naye. Wa nje ndiye waliyemkosa tangu asubuhi.

Nikapewa kiti, chai ya moto na karatasi niisome kwa sauti. Shule niliiacha mapema, ila kusoma nasoma mpaka gazeti lililofungiwa vitumbua.

Nikasoma: "Namwachia binti yangu Kolumba shamba langu la juu ya kijito."



Kisha Anselmi, mtoto wa dada yake mzee, akasema taratibu, "Mjomba, hapo kwenye *langu*."

Wakuu, hapa inabidi nieleze kidogo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba analolima mzee ni la ukoo wa mama yake, kwa hiyo akifariki linarudi kwa watoto wa dada zake, kina Anselmi. Kolumba ni binti yake wa kumzaa lakini ni wa ukoo mwingine, na ardhi ya ukoo wa mama yake iko ng'ambo ya mlima, mbali. Ila ngazi za karoti kwenye shamba hilo la mzee kazichonga Kolumba kwa jembe lake, na ndizo zinazosomesha wanawe.

Na kosa lenyewe dogo. Kule kila mtu husema "shamba langu" kwa maana ya ninalolima. Mzee kaandika kama anavyoongea. Kwenye wosia neno hilohilo linamaanisha ninalomiliki.

"Binamu, sikufukuzi," Anselmi akamwambia Kolumba. "Ila likishaandikwa langu, kesho mwanao anamuuzia mtu wa Dar, na sisi tunaanza kuomba njia ya kupita."

Kolumba hakumwangalia. "Na lisipoandikwa, baba akifumba macho nduguzo watanitoa kabla ya arobaini. Nitazibeba hizi ngazi kichwani?"

Hapo hata mimi chai ilinishinda. Wote wawili walikuwa na haki.

Bibi Theresia ndiye aliyekata mzizi wa fitina. "Kwani siku hizi humu majogoo wameisha? Mtu wa nje akilima ardhi ya ukoo si anatoa ngoto, au mmekuwa wazungu?"

Ngoto ni zawadi ya kila mwaka, kama jogoo hivi, kwa mkubwa wa ukoo, ya kukiri kwamba ardhi ni yao. Mzee akamwekea Anselmi mkono begani, akaniambia niandike upya, yeye anasema mimi naandika.

Shamba la juu ya kijito ni la ukoo. Kolumba atalilima maisha yake yote, hatauza, hatatolewa, na kila baada ya mavuno atapeleka jogoo kwa Anselmi kwa niaba ya ukoo. Nyumba na miti ya mapeasi aliyopanda mzee kwenye kiwanja alichonunua mwenyewe, hivyo ni vya Kolumba moja kwa moja.

Anselmi akaomba iongezwe kwamba jogoo asiwe mgonjwa. Kolumba akamwambia atapewa anayefanana naye. Vigelegele.

Mzee na yule shahidi wa ukoo wakasaini. Ikafika zamu yangu: jina, na mahali ninapoishi.

Nikabaki na kalamu. Wakuu, miaka yote hii sijawahi kuwa na jibu la hilo swali.

"Shahidi asiyejulikana anakoishi tutamtafutia mawinguni?" Bibi Theresia akauliza.

Anselmi akasema ana chumba cha uani, kodi nilipe kama mpangaji yeyote, asije mtu akasema nimehongwa. Nikaandika: Mgeta, kwa Anselmi. Kisha nikasaini.

Nilichojifunza: wosia usomwe mwenye nao akiwa hai, mbele ya wanaohusika, na kila "langu" liulizwe ni langu la kulima au la kumiliki.

Wanasheria nisahihisheni nilipoteleza. Na wengine, kwenu shahidi asiye ndugu mnamtoa wapi? Niko macho, blanketi la Anselmi ni zito na mtandao huku unashika nikikaa dirishani.