Kihenge Kilichogoma Kuruka

Kiingilio kilikuwa kikombe cha karanga. Mimi nilitoa viwili nikae mbele, maana nahodha alikuwa dada yangu.

Leo nimefunua kihenge cha marehemu mama cha kuwekea nafaka, hapa Kongwa, kikaninukia karanga na majivu. Ndicho kilichokuwa chombo cha anga siku tulipoigiza mchezo wa zamani wa runinga wa wasafiri wa anga uwanjani shuleni. Tulikipaka majivu kifanane na bati, kisha viingilio vyote tukavimimina humohumo.

Dada akaingia. "Tunaruka!"

Wabebaji wanne wakanyanyua, wapi!

"Nahodha, punguza mzigo!" watu wakacheka.

"Chekeni tu. Iko siku nitaondoka kweli."

Mnunuzi wa kihenge ananisubiri mlangoni. Dada, huko uliko, nishauri: nikiuze, au utakipitia?