Saidi Kaifuta Hesabu ya Mwalimu

Saidi wangu anaendelea na masomo!

Dada, hamjambo huko Ruangwa?

Leo mwalimu alikuja kumpima hapa uani. Akaandika mchangani: logi ya x, kwa msingi wa mbili, ni tano.

Saidi akaifuta logi yote! Akaandika tarakimu ya mbili mara tano, akazizidisha zote: x ni thelathini na mbili.

Nikampokonya kijiti. "We mtoto, unafuta maandishi ya mwalimu mbele yake? Mwombe radhi!"

Maskini, akapiga magoti.

Mwalimu akacheka. "Inuka, Saidi. Mama, ndivyo inavyofanywa. Umefaulu, baba."

Nikaitikia "Eeh", wala sikuelewa kitu. Hata wewe usingeelewa!

Mpaka sasa sijui ile logi imekwenda wapi. Lakini mtoto ni wangu.

Mbuzi anachinjwa Ijumaa. Baada ya swala niwaone wote.