Mpasuo Kwenye Kiganja

Saa tatu asubuhi, jua bado halijachomoza, na Sargylana Neustroyeva amepiga magoti kwenye theluji chini ya bomba la maji moto linalokwenda shule ya Kyrdal, kijiji cha kaskazini ya mbali ambako wakati wa baridi jua huchelewa. Baridi ni nyuzi hamsini na tatu chini ya sifuri. Kiungo cha bomba kinavuja, na boliti nne zinataka kukazwa kabla maji hayajaganda humo ndani na kulipasua. Shuleni kuna watoto tisini na sita.

Shingoni inaning'inia kamba yenye mifuko miwili ya mikono, ya ngozi ya miguu ya farasi. Vidole vinne hulala chumba kimoja, dole gumba peke yake.

"Dada, na magunia hayo nati utaishikaje?" anatania Gavril, mwenzake kazini, aliyevaa glavu mpya za vidole vitano.

"Wewe jioni uhesabu vidole vyako," anajibu Sargylana bila kuinua kichwa.

Glavu au mifuko, hapa ndilo swali la kila asubuhi. Ndani ya glavu nati unaishika vizuri, lakini kila kidole kinapigana na baridi kivyake. Ndani ya mfuko vidole vinapashana joto, ila nati ndogo itakushinda.

Mwaka juzi Sargylana alichagua glavu. Mikono ilipoanza kufa ganzi, akafanya kosa ambalo wengi hapa wamewahi kulifanya, akapuliza pumzi ndani ya glavu. Akasikia raha dakika moja. Kisha unyevu ule ukawa barafu, na kidole chake cha shahada kikawa cheupe kama mshumaa.

"Daktari alikiokoa. Akaniambia kikiganda tena, anakikata," anasema fundi huyo, 38.

Kwa upande wake, anasema, angeishi bila hicho kidole. Lakini mama mkwe wake, Akulina, 81, ndiye mshonaji wa mwisho kijijini anayejua kukata ngozi hiyo, na macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Kidole hicho ndicho kinachomtungia uzi.

Mifuko hii aliishona Akulina. Ndani ya kiganja aliacha mpasuo, akaufunika kwa ulimi wa manyoya.

Sargylana anachomoza vidole kwenye mpasuo huo, vimevikwa sufu nyembamba ili ngozi isinate kwenye chuma. Anazungusha nati, anahesabu hadi kumi na tano, anavirudisha ndani. Hana haraka. Boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gavril, ambaye mikono yake imekwishajificha kwapani, ameacha utani. Anatazama tu, mdomo wazi, na ukungu wa pumzi unamganda kwenye kope.

Kwenye boliti ya nne Sargylana anasimama ghafla. Kidole hakisikii kitu. Anakikunja ndani ya mfuko, anakibana kiganjani, anafumba macho. Maji yanaendelea kuvuja.

"Kinauma," anasema hatimaye, machozi yakimtoka. "Asante Mungu, kinauma."

Anakichomoza tena. Nati inakazika, na bomba linaacha kuvuja.

Mchana, nyumbani, Akulina anakishika kidole kile, anakibonyeza, anakinusa, kisha anatupa kipande cha chapati ndani ya moto wa jiko, fungu la shukrani kwa moto, kama ilivyo desturi.

"Mkwe, umekirudisha," anasema.

"Nimekirudisha, mama. Na Gavril anaomba mifuko."

"Yule aliyeiita magunia?"

"Huyohuyo."

"Basi umshonee wewe. Mimi nitashika ngozi, nikuoneshe pa kukata."

Ndiyo mipango ya Sargylana msimu huu wa baridi, kujifunza mkato ule, hasa mpasuo, kabla giza la macho ya mama mkwe halijatimia. Anaketi dirishani, analowesha ncha ya uzi mdomoni. Kidole kimevimba. Mara ya kwanza uzi unakosa, mara ya pili unakosa.

Mara ya tatu unapita, na anamkabidhi Akulina sindano.

"Hapana," anasema kikongwe, akimsogezea ngozi. "Sindano kaa nayo wewe."