Majibu ya Damu ya Bosi

Watu wangu, mbwa wetu mlinzi haoni usiku!

Nimekimbia saiba ya intaneti hapa Thika niwaandikie kabla kicheko hakijaisha.

Mnamkumbuka Bosi, yule mwekundu wa manyoya marefu? Siku hizi giza likiingia anagonga kila ndoo. Daktari wa mifugo akatuma damu yake ng'ambo ipimwe. Leo ametuletea majibu nyumbani: ugonjwa wa macho wa kurithi, na polepole atakuwa kipofu.

Mathe, mama yangu, akamgeukia jirani, Mama Shiro.

"Umeona? Ametoa kwa mama yake, huyo mbwa wako."

"Ati wangu? Si baba yake ni wa hapa kwako!"

Yaani wanalaumiana kama wakwe kabisa.

Daktari akakohoa. "Mama, huu ugonjwa lazima utoke pande zote mbili."

Aki sikujua niangalie wapi.

Mathe akammiminia Mama Shiro chai. Akasema Bosi haendi popote, ni ndoo zitahama.

Nikauliza, "Na kile kibao cha MBWA MKALI kwa geti, ning'oe?"

"Wacha hapo! Wezi wanasoma kibao. Hawasomi majibu ya damu."

Kwa hivyo mkija kwetu, tafadhali, ogopeni.