Kofia ya Maige Kabatini

Bibi Wilhelmina alikuwa mfagiaji wa makumbusho yetu madogo pale Kisesa, ila ukimsikia akitoa amri ungedhani yeye ndiye mkurugenzi. Mimi mkata tiketi alinigombeza hata kwa namna nilivyokaa kwenye kiti.

Kila Jumatatu alitoa kabatini kofia moja ya ngozi ya mbuzi, akaianika, akaipangusa, akairudisha na majani mapya ya mwarobaini ili wadudu wasiitafune. Viti vya watemi, machifu wa zamani, vilisubiri zamu. Kofia za namna ile zilivaliwa na kundi lililojiita Wasafishaji, waliofukuza vikongwe wenye macho mekundu wakidai ni wachawi. Macho ya Bibi yaliiva kwa moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe alichopikia, kama ya nusu ya wanawake wa kijiji chake. Wasafishaji walimpulizia filimbi mlangoni, ishara ya kumfukuza, akakimbilia kwa dada yake Usagara, akakaa huko miaka minne.

"Bibi, si uichome tu?" niliwahi kumuuliza.

"Niichome, halafu wajukuu zenu waseme nilitunga?"

Jumatatu moja ya mwaka 1994 akaingia Maige, muuza mitumba wa Magu, mgombea udiwani, mabega juu. Ndani ya kofia ile jina lake lilikuwa limechomwa kwa msumari wa moto. Mkononi alishika koti zito.

"Habari za kazi, mama. Zawadi yako hii. Ile kofia tuiondoe tu, mambo ya zamani yale."

Bibi akalivaa koti, akajigeuzageuza mbele ya kioo cha kabati. "Limenikaa. Asante. Kofia haitoki."

Nilicheka hadi tiketi zikanidondoka. Maige akasihi: ana watoto, ana uchaguzi, watu watamwonaje?

"Maige," Bibi akasema, "mlikuwa na sheria yenu, vikongwe wa macho mekundu hawaamkiwi. Bado unaifuata?"

Kumbe kweli, hakumwamkia. Mabega yakashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, shika majani. Leo zamu yako."

Maige akayapanga mwenyewe ndani ya kofia, juu ya jina lake, akafunga kabati, akaaga. Bibi alibaki amesimama na koti lake, anacheka huku analia. Macho yalikuwa mekundu kuliko siku zote, na siku hiyo hakuwa amewasha moto.