Barua Iliyopigwa Pasi

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wanamwita Mama Nyoosha. Kwa miaka kumi na tisa amepiga pasi makoti ya madaktari, na kabla pasi haijagusa kitambaa, yeye huingiza mkono katika kila mfuko. Amekuta kalamu, vipimajoto, funguo za gari, na mara moja nusu ya keki. Kila kitu hukirudisha kwa mwenyewe, na alichokiona hakisimulii.

Alikuja darasani kwangu kwa sababu ya mashine. Hospitali ililetewa pasi kubwa ya mvuke yenye maelezo ya Kiingereza kitupu, ikamuunguza mkono. "Mwalimu," aliniambia, "siwezi kugombana na kitu nisichoelewa kinasema nini." Nikampenda siku hiyohiyo, ingawa matamshi yake yalinitoa jasho.

Mimi ni mwalimu mstaafu na subira sina. Wanafunzi wangu wanajua. Nilikuwa nikifundisha watu wazima Kiingereza kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la vioo. Walianza ishirini na wawili, wakapukutika mpaka wakabaki watatu. Nikaona basi, mzee nimechuja. Nikaandika barua ya kumrudishia mwenye chumba ufunguo, nikaitia mfukoni, nikapanga kuipeleka baada ya kipindi. Sikumwambia mtu. Ukweli ni kwamba niliogopa: bila darasa lile, sikujua Jumamosi nitaamka kufanya nini.

Kipindi kilipokwisha, Mama Nyoosha akanisimamia mlangoni, mkono mbele.

"Mwalimu, unisamehe. Hilo koti linaniumiza macho. Lete."

"Koti lina nini?"

"Uliza halina nini. Lete, baba."

Kubishana naye ni kupoteza muda. Nikavua, na barua nikaisahau ndani. Nilipokumbuka nilikuwa nimeshafika nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikabaki kuomba asiisome.

Jumamosi iliyofuata nikasikia ngazi zinalia. Akaingia, koti langu mkononi, na nyuma yake watu saba wa kufua na kukunja, kila mmoja na daftari lake. Nikavaa koti, nikapapasa mfuko. Barua ilikuwemo, imenyooka kama karatasi mpya. Alikuwa ameipiga pasi. Uso ukaniwaka kwa aibu.

Somo la siku hiyo lilikuwa namna Kiingereza kinavyosema kesho ya jana. Sisi husema "jana alisema atakuja", tukamaliza. Wao hata ile "atakuja" huirudisha nyuma, waitazame kutoka kulekule jana. Tena wana namna ya kutaja jambo lililokuwa lifanyike bila kuapa kwamba lilifanyika. Nikamwita Mama Nyoosha ubaoni atoe mfano. Akaandika polepole, bila kosa hata moja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sentensi ambayo kwa Kiswahili ni hii: Jumamosi iliyopita mwalimu alikuwa afunge darasa.

"Sahihi," nikasema.

Mkunjaji mmoja wa mashuka akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, alifunga au hakufunga?"

"Sentensi haisemi."

"Sentensi haisemi," Mama Nyoosha akadakia, akijipangusa chaki vidoleni, "lakini mwalimu mwenyewe si huyu hapa? Aseme."

Nikaitoa barua niichane.

"Usiichane! Nimeitolea jasho hiyo!"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka huku machozi yakinilengalenga. Namshukuru mama yule mpaka leo. Angeweza kunipa pole, ikaishia hapo; yeye akaniletea watu. Nikaigeuza ile barua, nikaiweka mezani, na nyuma yake nikaandika majina ya wanafunzi wapya, mmoja baada ya mwingine. Kalamu ilipita vizuri, karatasi haikuwa na kunyanzi hata moja.